Nipokee fidia ninyamaze, au niendelee na kesi?

Mhariri pamoja na wasomaji wenzangu,

Nawaandikia kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana barua hii imenichukua siku tatu. Mimi ni fundi cherehani, nimeshona kwa miaka 19. Nimebakiwa na siku tisa za kujibu jambo ambalo nyumbani tumeshindwa kukubaliana, na sitaki kulijibu kwa hasira.

Mwaka jana nilipeleka nguo za mteja kwenye jengo moja la ofisi. Lifti ilipofika ghorofa ya sita na mlango kufunguka, ilikuwa imesimama chini ya sakafu kwa kiasi cha shibiri moja. Nilikuwa nimekumbatia magauni manne, sikuona. Mguu ukagonga ukingo wa sakafu, nikaangukia mkono wa kulia. Kifundo cha mkono kilivunjika mahali pawili na mshipa wa fahamu ukaumia. Nimepasuliwa mara mbili. Leo kidole gumba na cha shahada havihisi uzi. Naweza kushika sindano nikidhani ninayo, kumbe ilishaanguka zamani.

Mwanzoni niliamini ni ajali tu, na mtu haishtaki ajali. Dada yangu ndiye aliyenikokota kwa wakili. Kesi ilipofunguliwa, upande wa pili ulilazimika kutoa kumbukumbu zake, kikiwemo kitabu cha matengenezo ya lifti. Nimeuona ukurasa wenyewe. Wiki saba kabla sijaanguka, fundi wa lifti aliandika kwamba breki imekwisha na lifti isitumike mpaka ibadilishwe. Chini yake, kwa kalamu nyingine na mwandiko mwingine: "Iendelee kutumika. Tutabadilisha wapangaji wapya wakishahamia." Na sahihi.

Tangu siku ile sijawa mtu yule yule. Mkono uliumia mara moja, lakini ukurasa ule naurudia kila usiku.

Sasa bima ya mwenye jengo imeleta ofa. Watalipa matibabu yote, kipato nilichokwisha kukosa, sehemu kubwa ya kipato nitakachokosa baadaye, na kiasi fulani kwa ajili ya maumivu. Nami nikubali mambo mawili: nisidai tena chochote kuhusu ajali hii maisha yangu yote, na nisimweleze mtu yeyote kilichomo kwenye nyaraka za kesi.

Wakili wangu, Mungu ambariki, amenieleza kwa subira kwamba hapa kuna fidia za aina mbili, nami nilikuwa nazichanganya. Ya kwanza ni fidia ya hasara. Kazi yake ni kumrudisha aliyeumia, kadiri pesa inavyoweza, mahali ambapo angekuwa kama kosa lisingetendeka. Mahakama ya juu ya Uingereza ililiweka hivyo mwaka 1880 katika kesi ya Livingstone dhidi ya kampuni ya makaa ya mawe ya Rawyards, na mahakama nyingi bado zinaishika kanuni hiyo. Humo mna vitu vyenye risiti, kama hospitali na dawa, na vitu visivyo na risiti, kama maumivu na raha ya maisha iliyopotea. Kipato changu tulikithibitisha kwa daftari langu la vipimo, maana sina hesabu za kibenki. Kila mteja yumo: kifua, kiuno, urefu wa mkono, bei. Sikuwahi kudhani daftari lile lenye madoa ya mafuta ya cherehani lingekuja kusomwa na mawakili.

Ya pili ni fidia ya adhabu. Hiyo haitazami mimi nimepoteza nini, inamtazama aliyetenda. Uzembe wa kawaida hautoshi. Anatakiwa awe amejua hatari na kuidharau, au amefanya kwa makusudi. Kuna nchi hazina kabisa fidia hii, zinasema adhabu ni kazi ya kesi za jinai. Uingereza inaitoa kwa nadra: katika kesi ya Rookes dhidi ya Barnard ya mwaka 1964, majaji waliibana ibaki kwenye mazingira machache, mojawapo likiwa ni la mtu aliyepiga hesabu kwamba faida ya kosa lake itazidi fidia atakayolipa. Niliposikia hilo nilisimama kitini. Si ndiyo hesabu iliyoandikwa kwenye ukurasa wangu?

Wakili akanituliza. Alinipa mfano wa Marekani, ambako fidia hii ina nguvu kuliko karibu kwingine kote. Kijana wa miaka 13 aliungua vibaya gari la Ford Pinto liliposhika moto, na ikadaiwa kampuni ilijua udhaifu wa tangi la mafuta. Mwaka 1978 baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, lilimpa dola milioni 125 za adhabu. Jaji akazishusha hadi milioni 3.5, na rufaa ilimalizika mwaka 1981, miaka tisa baada ya ajali. Miaka tisa! Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaongeza kwamba ni nadra adhabu kufikia mara kumi ya fidia ya hasara na bado ikubalike kikatiba. Kwa hiyo anayedhani atatajirika kwa njia hii, wakili asema, anajidanganya.

Mimi sitafuti utajiri. Nataka yule aliyeandika "iendelee kutumika" aulizwe hadharani kwa nini aliandika.

Hatari ninazijua. Wanadai nami nilichangia uzembe, kwa sababu nilibeba nguo zilizonizuia kuona chini. Jaji akikubali, fidia yangu itakatwa kwa kadiri ya kosa langu. Nikikataa ofa kisha mahakama inipe chini yake, naweza kubebeshwa gharama za kesi za upande wa pili. Isitoshe, bima yao haigharamii adhabu, hivyo mwenye jengo ataitoa mfukoni mwake na atapigana hadi mwisho. Ila hata kukubali kunanitisha. Daktari amesema kifundo kinaweza kupata baridi yabisi baadaye, na fidia hulipwa mara moja tu, hairudiwi. Nikisaini leo, maumivu ya miaka kumi ijayo nitakuwa nimeshayauza.

Mume wangu asema tuchukue. Ametumia akiba yake yote kwangu na hajalalamika hata siku moja, ndiyo maana kumpinga kunaniuma. "Adhabu haitakurudishia kidole," ameniambia. Ni kweli. Dada yangu naye aniuliza: lile sharti la kunyamaza, linamlinda nani? Mwenye jengo ana majengo mengine, na kila asubuhi watu wanapanda lifti zake. Nami sina jibu.

Naomba ushauri kwa waliowahi kupita hapa, na kwa wanasheria wanaosoma. Je, inawezekana kupokea fidia ya hasara na kukataa sharti la kunyamaza peke yake, au hilo hufanya ofa nzima ivunjike? Nikisaini, ninaweza bado kuupeleka ukurasa ule kwa wakaguzi wa usalama wa majengo? Kuna namna ya kuweka kwenye makubaliano kifungu cha matibabu ya baadaye, ili mlango usifungwe kabisa? Na mliokataa ofa mkaendelea mpaka hukumu, nyumba zenu ziliishije miaka ile ya kusubiri? Msinifiche, hata kama ni mabaya. Mwanangu wa mwisho ana miaka saba, na ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano sasa.

Mshonaji, mwenye siku tisa