Umeme hauchelewi njiani, mnatapeliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi nimjibu msomaji wenu aliyeandika kwamba sisi wa pembezoni taa zinafifia kwa sababu tuko mbali na mtambo, umeme "unafika umechelewa". Mimi ni fundi umeme wa mtaani, na hilo neno kuchelewa limeshamla jirani yangu shilingi 85,000, kwahiyo siwezi kunyamaza.

Kutoka mtambo wa umeme wa Kidatu mpaka Dar ni kama kilomita 300 hivi. Kwenye zile nyaya kubwa za juu umeme unaenda karibu sawa na mwanga, na mwanga ni kilomita 300,000 kwa sekunde, sasa piga hesabu mwenyewe, chukua sekunde moja uikate vipande elfu af ubaki na kimoja. Hujapepesa hata jicho. Kwenye waya za ndani zenye plastiki kasi inapungua, ila kwa macho huijui. Hata mwanasayansi Charles Wheatstone kule Uingereza mwaka 1834 alipojaribu kuipima kwa kioo kinachozunguka alipata maili 288,000 kwa sekunde, yaani umeme kaupitisha mpaka mwanga! Kakosea, ila kwa vifaa vya enzi zile nani amcheke.

Kinachochanganya watu nadhani ni elektroni zenyewe, zile chembe ndogo zinazobeba umeme ndani ya kopa (shaba) ya waya, maana hizo ni goigoi kuliko kobe. Chukua waya wa 2.5 (unene wa milimita mraba 2.5) umechomeka pasi inayokula ampia 10, kama ungekuwa umeme wa betri unaoenda upande mmoja tu, elektroni ingetembea kama mita moja kwa saa nzima. Na huu wetu wa ukutani ndo kabisa, zinaenda zinarudi mara 50 kila sekunde, hazifiki popote. Sa taa inawakaje hapohapo? Panda daladala iliyojaa saa kumi na mbili jioni, konda akimsukumiza wa mlangoni, aliyebanwa siti ya nyuma anaguna papo hapo, wakati hakuna aliyesogea hata inchi moja. Kinachosafiri ni ule msukumo.

Turudi kwa jirani. Mzee wa watu kavuta umeme kutoka kwenye mita yake iliyoko nyumba ya mbele mpaka nyumba mpya kule shambani, mita 150, kwa huohuo waya wa 2.5. Akaja kishoka mmoja, fundi asiye na kibali, akamwambia mzee umeme wako unachoka njiani unakuja polepole, akamuuzia kiboksi cha kuchomeka ukutani eti kinauongezea spidi. Alivyoniita nikaenda na multimita yangu ya kupimia umeme, nikazima kila kitu, soketi ikasoma volti 229. Nikamwambia mama washa jagi la umeme na pasi kwa pamoja, ikashuka mpaka 194 tunaangalia. Mzee akaniuliza, "Sasa fundi si ndo kuchelewa kwenyewe huko?" Nkamwambia hapana mzee wangu, umeme umefika saa ileile, ila waya mwembamba mrefu unaula njiani, ukiushika baada ya nusu saa utausikia una joto. Volti zinapungua, spidi iko palepale.

Kiboksi tulikifungua juu ya meza. Ndani kuna kapasita moja ndogo, resista, na kitaa cha kijani. Basi. Hakuna kifaa cha kuuharakisha umeme, na dawa ya volti kudondoka ni waya mnene au kupunguza mzigo, kama tatizo linaanzia kwenye nguzo hiyo ni kesi nyingine ya kuripoti, si ya kununulia kiboksi.

Mzee sasa anadunduliza hela ya waya wa 10, na kwa bei ya kopa ya siku hizi ataisoma namba. Kiboksi nilikifunga tena, kitaa chake cha kijani bado kinawaka vizuri tu, wajukuu wanakitumia kuonea njia ya chooni usiku.

Ni mimi fundi wa mtaani,
Kihonda, Morogoro