Kijito kilikuwa nyuma ya ukumbi

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya walimu waliotoka semina wakiwa "wameiva" kufundisha kwa kutumia mazingira ya shule nimeisoma mara mbili. Miaka yote nimekuwa msomaji mkimya. Hii imenishinda.

Nami niliwahi kuivishwa, katika semina ya namna hiyohiyo. Siku mbili tulikaa ukumbini, mapazia yameshushwa ili picha za projekta zionekane. Mkufunzi, kijana mwenye adabu zake, akatuonyesha mto: mshale mwekundu kwenye ukingo wa nje unaomomonyoka, wa bluu kwenye ukingo wa ndani unaojaa mchanga. Nyuma ya ukumbi, hatua hamsini hazifiki, kulikuwa na kijito kimejipinda vilevile. Nikanyoosha mkono kuuliza kwa nini tusitoke. Akaangalia ratiba, akasema kutoka ni kesho mchana. Kesho yake kweli tukatoka, tukapiga picha ya pamoja mbele ya bango.

Nusu saa tu pale kijitoni ingetosha! Unapima mita kumi, unaangusha jani, unahesabu sekunde mpaka lifike, unagawanya mita kwa sekunde kupata kasi. Kasi hiyo ukizidisha kwa upana na kina, unapata maji yanayopita kila sekunde, ila upunguze kidogo kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Na hapo ndipo mwalimu anapohitaji kufundwa, maana makundi sita yataleta majibu sita, na hakuna hata moja lililoandikwa nyuma ya kitabu. Afanye nini? Watoto sitini ukingoni mwa maji awapange vipi? Yule atakayeokota mdudu na kuuliza jina lake ajibiwe nini na mtu asiyelijua? Hayo hatukuguswa nayo. Tulipewa fasili ya "mazingira" tuinakili. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alifungua shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896, watoto wakajifunza kwa kupika, kufuma na kutengeneza vitu kwa mikono. Sisi, zaidi ya karne baadaye, tunanakili fasili.

Vyeti navyo! Changu kimekosea jina langu, na nilipolalamika nikaambiwa "kinachohesabika ni muhuri". Fomu ya tathmini iliuliza kama viti vilikuwa vizuri. Vilikuwa vizuri sana, ndiyo maana wengi walilala.

Ninalo pendekezo. Kila mshiriki aje na chupa ya udongo kutoka uwanja wa shule yake, atie maji, atikise, aiweke mezani. Mchanga utatua mara moja, tope laini litafuata, udongo wa mfinyanzi utachelewa hata mpaka kesho yake. Mkufunzi asilipwe posho mpaka maji ya chupa ya mwisho yawe meupe, na wakati anasubiri atuonyeshe, bila projekta, mvua ikinyesha maji ya uwanja ule yanaelekea wapi.

Mwalimu wa Jiografia, mwenye cheti cha mtu mwingine