Si wote waliodanganywa Corinth

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani nimeisoma mara mbili. Mwandishi ameeleza vizuri kwa nini mji mdogo wa Corinth, Mississippi, uligombewa vile: reli iliyopanda kutoka Mobile, kwenye Ghuba ya Mexico, ilikatana pale na ile iliyotoka Memphis kwenda mashariki. Hapo sina neno.

Neno ninalo pale anaposema Jenerali Beauregard wa Kusini "aliwadanganya wote". Ni kweli usiku wa Mei 29, 1862 aliondoa jeshi lake kwa siri, na kila treni tupu ilipoingia askari wake walishangilia kana kwamba wamepokea wenzao. Jenerali Pope wa Kaskazini akamwarifu mkuu wake, Halleck, kwamba adui anaongezewa watu. Kulipokucha mji ulikuwa mtupu, na baadhi ya "mizinga" ilikuwa magogo. Halleck alikuwa na askari zaidi ya 100,000, na alitumia mwezi mzima kwenda kilomita thelathini na kitu kwa kuchimba mahandaki njia nzima!

Lakini Jenerali Grant wa Kaskazini, aliyekuwa chini ya Halleck, katika kumbukumbu zake, anasimulia kwamba siku moja kabla Jenerali Logan alimwambia adui anahama, na akiruhusiwa ataingia mjini na brigedi yake. Miongoni mwa askari walikuwamo waliofanya kazi ya reli kabla ya vita. Hao walitega sikio kwenye chuma, wakasema treni zenye mzigo zinatoka, zinazoingia ni tupu. Nani awasikilize?

Mimi nimekula mshahara wa gengi la reli miaka 26, na nawahakikishia huo si uchawi. Treni yenye mzigo inaikandamiza reli, mlio wake mzito, kama mvua iliyo mbali. Tupu inarukaruka kwenye maungio na kugongagonga. Debe tupu haliachi kuvuma. Mnyapara wetu alikuwa akivua kofia, anapiga goti, anatulia kidogo, kisha anasema: "Tupu hiyo, na bado iko mbali. Malizeni taruma hilo." Sikumbuki akikosea, ingawa kwa hesabu ya mishahara alikosea mara nyingi.

Kutosikilizwa kule kulikuwa na bei yake. Jenerali Van Dorn wa Kusini, mmoja wa waliotoroka usiku ule, alirudi Oktoba 3 kuitaka tena njia panda ileile. Jenerali Rosecrans wa Kaskazini alimzuia kwa siku mbili, akapoteza watu wapatao 2,500, yaani waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Van Dorn alipoteza zaidi ya 4,000.

Kwa hiyo naomba lile neno "wote" mlisahihishe.

Mstaafu wa reli,
Tabora