Jumamosi: Clifford na James

Ndugu zangu, habari za jioni. Jumamosi saa 10 alasiri tunasoma insha mbili za falsafa kuhusu lini mtu ana haki ya kuamini jambo: ya W. K. Clifford (1877), kisha ya William James (1896). Msigeuze mpangilio, maana wa pili anamjibu wa kwanza.

Kwa Clifford, kaeni sana kwenye mfano wa mwenye meli. Anajua chombo ni kikuukuu, anajituliza moyo, anakiachia kiondoke na wahamiaji. Kinazama, yeye analipwa bima. Pazito ni hapa: hata kingefika salama, Clifford anamtia hatiani, kwa sababu ushahidi aliokuwa nao haukumpa haki ya kuamini.

James wengi humsoma vibaya, wakidhani amemruhusu mtu aamini apendacho. Hapana. Anaruhusu kuamini bila ushahidi wa kutosha kwa masharti tu: uamuzi lazima uwe hai kwako, yaani uone kweli unaweza kuamini, usikwepeke, uwe na uzito, na ushahidi ushindwe kuukata. Uvumi wa dawa unaosambazwa WhatsApp haupiti, kwani ushahidi wake hupatikana. Imani juu ya Mungu, kwake, inapita. Naona sharti la kutokwepeka ndilo dhaifu: kwa nini kusitisha uamuzi kuhesabiwe sawa na kukataa? Tulikamie hilo.

Kila mmoja aje na imani yake moja, ameipima kwa maandishi, sharti baada ya sharti.