Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vitabu vya Kununua Msimu Huu

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya kusoma vitabu, assalaam aleikum.

Hesabu atawasomea mweka hazina. Langu ni shukrani tu: mmelipa ada bila kusukumwa, na sasa tuna akiba ya kununulia vitabu. Kamati imekubaliana tuchukue vya jalada laini. Vya jalada gumu bei yake inavunja moyo, na kodi ya asilimia 16 inayotozwa vitabu hapa Kenya tangu 2013 imezidisha mzigo. Isitoshe, cha jalada laini kinaingia mkobani na kinasomeka kwenye foleni ya feri Likoni.

Naomba tuanze na Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliiandika riwaya hii kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Tulingoja mpaka 2022, mwaka mmoja baada ya kutunukiwa Nobeli, ndipo Ida Hadjivayanis akatuletea tafsiri ya Kiswahili, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaondoka kwao na tajiri anayemwita ami, kumbe amewekwa rehani kwa deni la babake. Mimi niliisoma zamani kwa Kiingereza nikaipenda. Kwa Kiswahili ilinitoa machozi. Rehani, jamani! Nani kati yetu hajaona bangili za mama zikitoka kabatini na zisirudi? Na ile misafara ya kwenda bara, niliisikia kama nimekaa barazani kwa babu.

Cha pili ni cha nyumbani hasa. The House of Rust cha Khadija Abdalla Bajaber, binti wa Mombasa, kilitoka 2021 na mwaka uliofuata kikashinda tuzo ya Ursula K. Le Guin, iliyopewa jina la mwandishi huyo wa Marekani, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Aisha, msichana wa Kihadhrami, anaingia baharini kwa chombo cha mifupa, na paka wa msomi mmoja kando yake, kumtafuta babake mvuvi. Ni kigumu mwanzoni, sitawaficha. Kisomeni polepole, mtu aliyelelewa na hadithi za majini atakishika mapema kuliko wahakiki wengi.

Wanaopenda mambo ya karibuni wachukue Theft ya 2025, riwaya ya kwanza ya Gurnah tangu apate Nobeli. Humo mfuatilieni Badar, kijana mtumishi anayesingiziwa wizi.

Jambo moja limeniuma mwaka huu. Nilinunua nakala mjini kwa bei ya chini, nikafika nyumbani nikakuta kurasa hazisomeki na nyingine hazimo kabisa. Ilikuwa bandia. Tafadhali, kabla ya kulipa, fungueni kitabu katikati, tazameni wino na gundi. Mwandishi hapati hata senti kwa nakala kama hizo.

Mkutano ujao tutasoma sura ya kwanza ya Peponi kwa sauti, kwa zamu. Mwenye nakala aje nayo, asiye nayo aketi ubavuni mwa mwenzake.