Barua kwa mpwa wangu: hiyo kamera usiitie filamu kwanza

Mpwa wangu,

Nimesikia Yashica Electro 35 GSN ya marehemu babu yako imekufikia, na filamu za rangi umeshaagiza. Ziache kwenye jokofu kwanza. Toleo hilo lilitoka 1973, na mtangulizi wake wa kwanza 1966. Lenzi yake ya milimita 45, inayofunguka hadi f/1.7 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa), bado ni nzuri sana. Vinavyokufa ni sponji, nyaya na kipande kimoja cha mpira, na kila kimoja kina dalili yake.

Anza na betri. Kamera hii iliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 5.6, ambayo imepigwa marufuku kwa sababu ya sumu. Tumia ya alkali ya volti 6, yenye alama 4LR44 au PX28A. Saketi inavumilia tofauti hiyo. Ni nyembamba na fupi kuliko nafasi yake, kwa hiyo izungushie karatasi ngumu na urefu uliobaki uuzibe kwa springi ya chuma. Kisha bonyeza kitufe cha nyuma: taa ya kijani iwake. Isipowaka, angalia vituo vya betri. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, usugue kwa pamba ya masikio yenye siki, halafu spiriti, na uache pakauke kabisa. Bado kimya? Mara nyingi waya ulio chini ya kikasha cha betri umeliwa na kutu, na fundi redio anaweza kulehemu mwingine.

Usidanganywe na mlio wa shata, yaani kile kipazia kinachofunguka na kujifunga kuingiza mwanga. Bila betri kamera hii hupiga kila picha kwa 1/500 ya sekunde, kwa hiyo inalia kama nzima kumbe haipimi chochote.

Sasa iweke sikioni, uvute mkono wa kusogezea filamu polepole. Lazima usikie "tok" nzito ndani. Usipoisikia, kile kipande cha mpira kimeoza: mtambo haujipangi upya kati ya picha na picha, taa za onyo zinachanganyikiwa, na kipimo cha mwanga hakiaminiki tena. Kukifikia ni lazima kamera ifunguliwe hasa. Hapo mpelekee fundi kamera, usijaribu mwenyewe na bisibisi moja.

Sponji za mlango ni kazi yako. Fungua nyuma utaona mifereji yenye kitu cheusi kinachonata kama lami. Ichokoe kwa njiti ya meno iliyochovywa spiriti, mlango ukitazama chini ili makombo yaanguke nje, yasifike kwenye lenzi. Laza uzi mweusi wa sufu ndani ya kila mfereji. Upande wa bawaba bandika kitambaa cheusi kizito. Supagluu usiisogeze hapo, mvuke wake huacha utando mweupe kwenye kioo. Ukipuuza sponji, picha zitatoka na michirizi ya rangi ya chungwa au nyekundu, kwa kuwa mwanga unaovuja kwa nyuma hukutana kwanza na tabaka la filamu linalohisi wekundu.

Jaribio la mwisho ni la umbali. Bandika karatasi ya kuchorea ramani, ile inayopitisha mwanga, kwenye reli za filamu, weka f/1.7 na B (alama inayoacha shata wazi muda wote umebonyeza), uishikilie wazi. Elekeza kwenye mnara ulio mbali sana: picha iwe kali kwenye karatasi wakati ule ule kiraka cha manjano kwenye kidirisha kinapokutanisha taswira mbili. Rudia kwenye mita moja. Shata ikiwa bado wazi, mulika lenzi kwa tochi. Huko pwani unyevu huzaa fangasi, nyuzinyuzi kama za buibui, na zikikaa muda mrefu hula kioo chenyewe.

Hapo ndipo utie filamu. Kwa negativu ya rangi ya ISO 200 (ISO ni kipimo cha filamu kuhisi mwanga), jua la saa sita mchana linataka f/11 au f/16. Ukifungua hadi f/8 taa nyekundu ya mwanga kuzidi itawaka, maana 1/500 ndiyo kasi ya mwisho. Ya njano inakwambia mwendo wa shata umeshuka chini ya 1/30, utafute pa kuegemea. Mimi ningeweka ASA (jina la zamani la ISO) 100 kwa filamu hiyo: negativu ya rangi huvumilia mwanga wa ziada, lakini ukipungua vivuli hugeuka tope. Na jicho la kupimia liko nje ya lenzi. Ukisahau kifuniko, kamera haitakuonya.

Anayekuletea filamu kwa ndege aibebe mkononi, kwani mashine za mizigo ya chini huiunguza. Kwenye studio ya kusafishia uliza kama wana dawa za C-41, za kusafishia negativu za rangi, na kama wanashika nyuzi joto 38 bila kuyumba. Dawa ya kwanza hukaa dakika 3 na sekunde 15 tu, na nyuzi chache zikipotea rangi zinapotea nazo.

Ukishauvuta huo mkono, niandikie umesikia nini.

Mjomba wako