Beki wa kati asipimwe kwa futi

Ndugu Mhariri,

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, kurasa za michezo hujaa sifa zilezile za mabeki wa kati: mrefu, miraba minne, kisiki, kitasa. Maneno haya yanashuka hadi kwenye timu za vijana. Siku ya majaribio, kijana wa mita 1.72 akisema anacheza namba nne au tano, hupelekwa pembeni kabla hajagusa mpira. Sisi tunaofundisha vijana tunaomba nafasi tueleze kwa nini hilo ni kosa. Mfano wetu ni Fabio Cannavaro, beki wa kati wa zamani wa Italia, ambaye jina lake Watanzania wengi wamelizoea kwa sababu ya Nadir Haroub, aliyekuwa beki wa Yanga na nahodha wa Taifa Stars, ambaye alibandikwa jina hilo.

Cannavaro ana urefu wa takriban mita 1.76. Alizaliwa Napoli mwaka 1973, akawa muokota mipira uwanjani San Paolo wakati wa Kombe la Dunia la 1990, na mwaka 1993 akaanza kuichezea Napoli ligi kuu. Kuanzia 1995 hadi 2002 alikuwa Parma, pamoja na Lilian Thuram na kipa Gianluigi Buffon, wakabeba Kombe la UEFA mwaka 1999. Baadaye akaenda Inter, kisha Juventus. Alipofika Ujerumani kwenye Kombe la Dunia la 2006 kama nahodha wa Italia alikuwa na miaka 32. Alicheza dakika zote 690 za mechi saba, mbili kati yake zikiwa na muda wa ziada, bila kuonyeshwa kadi hata moja. Italia ilifungwa mabao mawili tu: Zaccardo alijifunga dhidi ya Marekani, na Zidane alifunga penalti kwenye fainali. Tena hakuwa na pacha wa kudumu katikati ya ulinzi. Nesta aliumia mechi ya tatu, Materazzi akaingia, naye akala kadi nyekundu dhidi ya Australia, Barzagli akashika nafasi dhidi ya Ukraine, kisha Materazzi akarudi. Mwisho wa mwaka Cannavaro alipewa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora ambayo mabeki wanaoipata ni wa kuhesabu.

Sasa, mtu wa mita 1.76 anawezaje kushinda mipira ya juu?

Jibu liko kwenye hatua alizo nazo kabla ya kuruka. Beki mfupi akijibandika mgongoni kwa straika amekwisha. Straika anamhisi, anamwekea makalio, anapanua viwiko, na beki hana pa kupata nguvu ya kupaa. Mikono inapanda mabegani, filimbi inalia, na sasa ni faulo mita 20 kutoka langoni. Beki anayejua kazi huacha nafasi ya mita moja na nusu hivi. Anasimama kiubavu, bega moja likielekea mpira na jingine likielekea lango lake, ili amwone straika na krosi kwa pamoja. Mpira ukishapigwa anasogea hatua mbili au tatu fupi, anaruka kwa mguu mmoja, na anaondoka chini mapema kidogo kuliko mpinzani. Hapo straika mrefu anayeruka kutoka aliposimama anamkuta mwenzake ameshafika juu. Ukitazama mechi za 2006 mwangalie miguu yake kabla ya kichwa: ni mara chache sana utamkuta ametuama kwa visigino.

Mazoezi yake hayahitaji vifaa. Mtupaji asimame mita 10, arushe kwa mkono kwanza, na straika asimame tu bila kuruka. Beki akishazoea kuhesabu hatua, straika aruke, kisha mpira upigwe kwa mguu kutoka pembeni. Kwa vijana tunaona vichwa 10 kwa siku vinatosha. Kosa litakaloonekana zaidi ni kuanza kukimbia mapema mno, beki akapita chini ya mpira. Hilo halirekebishwi kwa kumpigia kelele. Mrudishe kwenye mpira wa mkono.

Lakini kichwa ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ndiyo ambayo magazeti hayaiandiki kabisa. Tuchukue nusu fainali ya Dortmund, tarehe 4 Julai 2006. Grosso alikuwa ameshaifungia Italia dakika ya 119, na Wajerumani walikuwa wanatupa mipira mbele kwa pupa. Unaingia mpira wa juu, Cannavaro anauondoa kwa kichwa. Mabeki wengi hapo husimama, wananyoosha mkono kupanga wenzao, wanavuta pumzi. Yeye alitua na mguu wa mbele ukawa tayari hatua ya kwanza ya mbio. Mpira ulikuwa unamwendea Podolski nje ya eneo la hatari. Cannavaro alimwahi, akaupora na kuendelea nao mbele. Ukamfikia Totti, Totti akampa Gilardino, Gilardino akamsubiri Del Piero, bao la pili. Mfungaji ni Del Piero na ndiyo kumbukumbu iliyobaki, ila bao lilianza kwa beki aliyeufuata mpira wa pili, yaani ule unaodondoka baada ya kuokolewa, wakati mwili una dakika 120 ndani yake.

Kuhusu kukaba mtu na mtu tutasema kwa ufupi. Kujilaza chini ni dawa ya mwisho, kwa sababu beki aliye chini ameshajitoa mchezoni kwa sekunde mbili. Macho yawe kwenye mpira. Kiuno na mabega ya winga vinadanganya. Mwelekeze kwenye mstari wa pembeni, subiri auguse mpira kwa urefu kidogo, ndipo uingie. Dakika 690 bila kadi zimetokana na subira hiyo.

Tuseme pia upande wa pili, maana vijana wanastahili kuujua. Beki wa aina hii huchelewa kuiva, na kinachomwondoa mara nyingi ni kupungua kwa kasi ya kugeuka na kurudi nyuma. Cannavaro alishinda ligi mbili na Real Madrid, 2007 na 2008. Tarehe 2 Mei 2009, Barcelona wakaja Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, na kushinda 6-2. Usiku ule Messi alitolewa pembeni akachezeshwa katikati, lakini chini, karibu na viungo, na Eto'o akapelekwa kulia. Mabeki wa kati wakabaki bila mtu wa kumkaba. Akitoka mmoja kumfuata Messi, Henry anakimbilia pengo lililoachwa nyuma. Wakibaki wote, Messi anageuka na mpira akiwatazama usoni. Beki anayeishi kwa kumwahi straika alikosa straika wa kumwahi. Suluhisho la hali hiyo ni kiungo mkabaji kushuka, au safu yote kupanda pamoja mpira unapobanwa, na kurudi pamoja unapokuwa huru. Akipanda mmoja peke yake, lango limebaki wazi.

Mwaka uliofuata, kwenye Kombe la Dunia la Afrika Kusini, mjini Nelspruit, krosi ya New Zealand ilimgonga Cannavaro mwilini ikamwangukia Smeltz hatua chache kutoka langoni. Mpira ukimgonga beki akiwa haujui ulipo, tayari amechelewa. Italia ilitoka hatua ya makundi, naye akaacha timu ya taifa akiwa na mechi 136. Alimalizia Al Ahli ya Dubai, na goti likamstaafisha mwaka 2011.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Waandishi wako wanapomsifu beki, watuandikie ameshinda mipira mingapi ya juu, amefanya faulo ngapi na wapi, safu ilisimama umbali gani kutoka kwa kipa wake, na mipira ya pili aliiwahi nani. Na kwa walimu wenzetu wanaosoma ukurasa huu: kijana mfupi akija na kusema anacheza namba tano, mpigieni krosi 10 na mumwekee straika mrefu kuliko wote mlio nao, ndipo mmwambie anacheza wapi.

Makocha wa timu za vijana,
Tanga.